Saa na pachi za jasho zinazopima homoni na kinga: tuongee kabla mtu hajatoa pesa

BenchiYaHomoni
Wakuu habari zenu. Kuna hii tangazo inazunguka kwa simu za watu, saa ya mkono ati inasoma kotisoli (homoni ya stresi), sukari, "homoni zote" na "nguvu ya kinga", bila sindano bila damu, pesa unalipa mzigo ukifika. Nimeulizwa na watu wa chama, nimeulizwa na jirani wa ploti, juzi hadi konda wa mathree ya kwetu ameona beji yangu ya kazi akaanza kuuliza, basi naandika hapa mara moja nikiulizwa tena natuma linki tu.

Mimi niko kwa maabara hapa mjini, upande wa homoni. Siku nzima ni mirija ya damu, mashine, na daktari kwa simu akiuliza mbona majibu hayajatoka.

Nianze hivi, jasho kutumika hospitali si jambo la jana. Mwaka 1948 joto kali liliipiga New York, madaktari wakaona watoto wenye sistiki faibrosisi (huo ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu kwa makamasi mazito) wanaanguka kwa kuishiwa chumvi. Paul di Sant'Agnese akafuatilia, na 1953 akaonyesha jasho lao lina chumvi kupita kiasi. 1959 Gibson na Cooke wakaleta njia ya kumtoa mtu jasho akiwa ametulia tu: unaweka dawa ya pilokapini kwa ngozi ya mkono, unapitisha umeme mdogo wa kuisukuma ndani, tezi za hapo zinaamka. Mpaka leo kipimo hicho ndicho kinategemewa, kloraidi ikifika milimoli 60 kwa lita kwenda juu hiyo ni dalili nzito ya huo ugonjwa.

Sasa haya ya kuvaa. Januari 2016 kikundi cha Ali Javey pale Berkeley, Wei Gao akiwa mmoja wao, walichapisha kwa jarida la Nature bendi inayosoma glukosi, lakteti, sodiamu, potasiamu na joto la ngozi kwa wakati mmoja na kutuma kwa simu. Baadaye Gao akahamia Caltech na huko ndiko mambo ya homoni yameiva, 2020 wakatoa sensa (kifaa kidogo cha kupima) ya kotisoli ya grafini, kaboni nyembamba sana, iliyochongwa kwa leza, 2022 ya vitamini na asidi amino, 2023 zikaja mbili, moja ya estradioli (homoni ya kike) na nyingine ya CRP, ile protini ya ini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani au maambukizi. Dallas nako, Shalini Prasad wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzake wamekuwa wakisoma kotisoli na saitokaini (protini ambazo seli za kinga zinatumiana kama ujumbe) kwa jasho, hata kwa wagonjwa wenye uvimbe wa matumbo.

Kwa hivyo sayansi iko. Lakini angalia vile hizo vitu zimeundwa. Kuna pedi inalala kwa ngozi, kuna mifereji midogo ya kubeba jasho, kuna elektrodi (kipande cha kupitisha umeme) imepakwa kingamwili au kipande cha DNA kinachoshika molekuli moja tu unayoitafuta, ikishikwa umeme unabadilika, ndio simu inapata namba. Hiyo sehemu inayoshika inachoka. Kingamwili ikishashika imeshika, haiachilii kirahisi, unatupa unaweka pedi ingine. Ya vitamini walitumia plastiki yenye mashimo ya umbo la molekuli yenyewe na wakapata namna ya kuisafisha kwa umeme ikarudi kazini, ila hata hiyo lazima iguse jasho.

Sasa geuza hiyo saa ya tangazo. Nyuma kuna kioo na taa ya kijani. Jasho linaingilia wapi? Pedi ya kubadilisha iko wapi? Hakuna. Taa ya kijani inasoma mapigo ya moyo, na hapo inafanya kazi vizuri tu, lakini kotisoli haiwezi, hiyo namba ni programu imebuni kutoka kwa mapigo na usingizi wako. Kwa sukari ni mbaya zaidi kwa sababu mtu anaweza kupiga insulini akitegemea hiyo namba. Februari 2024 FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, ilitoa onyo wazi kuhusu saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, na ikasema haijaidhinisha hata moja.

Ulizeni maswali.

KiatuChepesi
Asante mkubwa. Mimi ni mtu wa kukimbia, asubuhi Ngong Road hadi Karen na kurudi. Kuna jamaa wa klabu alitumiwa pachi na ndugu yake wa Marekani, za kubandika mkono, ukimaliza mbio unaipiga picha na simu inakuambia umepoteza maji na chumvi kiasi gani. Hiyo nayo ni porojo?

BenchiYaHomoni
Hapana, hiyo iko sawa, na ni kati ya chache zilizofika dukani kihalali. Itakuwa ile ya Gatorade iliyotoka 2021, imetokana na kazi ya John Rogers wa Northwestern. Haina hata betri, jasho linaingia kwa mfereji lenyewe, mfereji mmoja unaonyesha kiasi na mwingine unabadilika rangi kulingana na kloraidi.

Ila kuna kitu wakimbiaji hawaambiwi. Jasho likitoka ndani ya tezi liko na chumvi nyingi, likipanda kwa kile kibomba chembamba kuja juu, mwili unairudisha chumvi kadhaa ndani. Ukikimbia pole, jasho linapita polepole, chumvi inarudishwa nyingi. Ukikimbia kwa nguvu linapita mbio, halipati nafasi, jasho linatoka chumvi tupu. Yaani wewe huyohuyo, siku hiyohiyo, namba mbili tofauti, kwa hivyo usilinganishe mbio za pole za Jumatatu na zile za kasi za Jumamosi uanze kusema mwili umebadilika. Na pahali unabandika pia, mkono na mgongo hazitoi sawa.

Kwa homoni na protini shida ni hiyohiyo imegeuka. Ukitoka jasho jingi, kilichomo kinazimuliwa, kama chai unaongezea maji na majani ni yaleyale. Sensa ya maana lazima ijue jasho linatoka kwa kasi gani, la sivyo inasema CRP imeshuka na kumbe umepanda tu ngazi. Ndio maana ile ya CRP ya Caltech inabeba pia kipimo cha asidi, cha chumvi na cha joto, ndio irekebishe hesabu yake.

MchelePishori
Na sisi wa kukaa ofisini? Julai hii Nairobi nimevaa jaketi mbili na shingoni kuna skafu, jasho linatoka wapi 😂

BenchiYaHomoni
😂😂 Umeuliza kwa utani lakini ndilo swali kubwa. Sensa ya kukimbia nayo mgonjwa kitandani haimsaidii, na mgonjwa ndiye anaihitaji. Kwa hivyo wamerudi kwa ujanja wa 1959, sanasana na dawa inaitwa kabakoli badala ya pilokapini kwa sababu inafanya tezi zitoe jasho kwa muda mrefu zaidi. Pachi yenyewe ina jeli yenye dawa na umeme mdogo, inajitolea jasho pale ilipo, wewe umekaa na jaketi zako.

SistaWaZamu
Mimi ni nesi, wiki hii niko usiku. Hii ya kotisoli imenigusa juu kila mtu siku hizi ananiambia "kotisoli yako iko juu ndio maana unanenepa". Kama pachi ingenionyesha ukweli ningenunua kesho. Nisaidie kuelewa, inapima damu na jasho sawasawa ama?

BenchiYaHomoni
Sista pole na zamu. Kotisoli ni molekuli ndogo na inapenda mafuta, kwa hivyo inapenya ukuta wa seli na kuingia kwa jasho bila kusumbuka. Kwa damu nyingi yake imebebwa na protini, ile inayopenya ni ile iliyo huru, nayo ndiyo inafanya kazi mwilini. Hapo jasho linafanana na mate, na mate tunayatumia tayari, mtu akishukiwa kuwa na Cushing (ugonjwa wa mwili kuwa na kotisoli kupita kiasi) anaweza kuambiwa alete mate ya usiku wa manane.

Lakini namba moja ya kotisoli peke yake haikuambii kitu. Kwa mtu anayelala usiku inapanda alfajiri, inafika kilele kama nusu saa hivi baada ya kuamka, kisha inashuka siku nzima mpaka karibu na usiku wa manane iko chini kabisa. Ndio maana tunawaambia watu waje saa mbili asubuhi, na ndio maana mtu akija saa nane mchana juu alikuwa amekwama kwa jam ya Mombasa Road, majibu yake yananisumbua kichwa. Wewe wa zamu za usiku mwili wako bado unajaribu kufuata jua na wakati huohuo uko macho, mchoro wako hauwezi kufanana na ule wa kitabu, na wiki ukirudi mchana unavurugika tena. Ungeniletea damu ya saa mbili asubuhi ukitoka zamu ningekupa namba sahihi kabisa ambayo daktari hajui aisomeje.

Hapo ndipo mimi naona pachi ya jasho itakuja kunishinda kazi, kwa wewe hasa. Namba moja iliyo sahihi nitakupa mimi. Mchoro wa masaa 24 ukiwa kazini, ukilala mchana na watoto wakipiga kelele nje, sina mrija wa kuuchukua.

Na hiyo ya kunenepa, waambie waache. Cushing ya kweli ipo ila ni nadra, na ina ishara zake: ngozi inachubuka kirahisi, michirizi mipana ya zambarau tumboni, misuli ya mapaja inaisha nguvu. Kunenepa kwa zamu kunaanza na chapati ya saa tisa usiku.

SistaWaZamu
Chapati umeniona wapi sasa 😭

DukaLaDawa_Kayole
Naomba kuongeza kitu kwa sababu niko kwa kaunta kila siku. Mafuta. Watu wanaenda River Road wananunua cream za kung'arisha, nyingi ndani ni steroidi, klobetasoli, betamethasoni, hata kama sanduku halijaandika. Na haidrokotisoni tunauza kihalali kwa upele wa mtoto. Mtu akipaka asubuhi alafu abandike pachi ya kotisoli palepale itakuwaje?

BenchiYaHomoni
Wee, umeleta jambo sijaona likizungumzwa hata kidogo na wanaouza hizi vitu. Haidrokotisoni ni kotisoli yenyewe, molekuli ni ileile, jina tu la dawa. Ukiipaka mkononi na kubandika sensa juu yake, sensa itaisoma bila kujua imetoka kwa tyubu na si kwa tezi, utaambiwa uko na presha ya kufa mtu na umekaa unatazama mpira.

Klobetasoli inaharibu kwa upande wa pili. Ni kali sana, ikipakwa kwa sehemu kubwa ya mwili kwa muda mrefu inaingia kwa damu, ubongo unaona steroidi ziko za kutosha, unaziambia tezi za juu ya figo zipumzike. Kotisoli halisi inashuka. Huku maabara tunaona mtu ana kotisoli chini sana na uso umejaa umeviringika, daktari anauliza unatumia dawa gani anasema hakuna dawa, cream hahesabu. Na hatari inakuja akiiacha ghafla, tezi bado zimelala.

Prednisoloni ya pumu nayo inachanganya hata mashine zetu za damu, kingamwili za kipimo zinaikosea na kotisoli kwa sababu zinafanana. Ukija kupimwa taja kila kitu unachomeza na unachopaka. Kila kitu.

DadaWaUmoja
Upande wetu wanawake je. Nina PCOS (ile hali ya ovari zenye vifuko vingi na homoni kuvurugika), hedhi inakuja ikipenda, na kila daktari anataka damu upya. Hiyo ya estradioli imefika wapi na nikiipata itanisaidia?

BenchiYaHomoni
Dada, ile ya 2023 ilitumia kipande cha DNA kinachoshika estradioli, na walipoijaribu kwa wanawake ilifuata kupanda na kushuka kwa mzunguko. Ni kazi ngumu sana, kwa damu tu estradioli tunaihesabu kwa pikogramu (gramu moja ukiigawa mara trilioni), na kwa jasho iko chini zaidi. Bado ni ya watafiti, dukani haipo.

Kwa anayetafuta mtoto na anatolewa damu kila siku chache hospitali ifuatilie mayai, naiona ikileta nafuu kubwa. Kwa PCOS estradioli peke yake haitoshi. Daktari anatafuta mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuwa juu, na ovari zenye vifuko vingi kwa picha, tena baada ya kuondoa magonjwa mengine kama ya thairoidi. Pachi ya estradioli inagusa kipande tu cha hapo.

Na kama mtu yuko kwa sindano ya miezi mitatu, ile Depo, yai halitoki na estradioli haipandi ule mlima wa katikati ya mwezi. Pachi ingeonyesha mstari umelala. Asije akashtuka na kuanza kununua dawa za "kusawazisha homoni" kwa Instagram, sindano inafanya kazi yake.

MzeeKijana
Swali la moja kwa moja. Hii ya "kinga". Kuna mtu wangu wa karibu yuko kwa ARV, ameona hiyo tangazo akaniuliza kama anaweza kuacha kwenda kutolewa damu juu saa itamwambia kinga iko aje. Nimjibu nini?

BenchiYaHomoni
Mwambie hapana, na umwambie leo. CD4 ni seli za damu, na vairo lodi ni kuhesabu virusi ndani ya damu. Hakuna pachi ya jasho popote duniani inayosoma hivyo viwili, wala saa. Hata kile kipimo cha kujipima nyumbani cha kupitisha kijiti kwa fizi kinatafuta kingamwili, hakihesabu virusi. Aende kliniki tarehe yake ikifika.

Hao watafiti wakisema kinga wanamaanisha kitu chembamba zaidi, CRP na saitokaini kama IL-6, yaani moshi unaoonyesha mwili unapigana. Haikuambii unapigana na nini. CRP itapanda kwa nimonia, itapanda kwa malaria, itapanda ukivunjika mguu. Ile ya Caltech walijaribu kwa watu wenye ugonjwa sugu wa mapafu, wenye moyo ulioshindwa na waliokuwa na maambukizi, jasho likafuatana vizuri na damu. Mimi naiona nzuri kwa mgonjwa ambaye tayari anajulikana ana nini, yuko nyumbani, unataka kujua kama anaanza kuharibika kabla hajaletwa usiku kwa teksi.

Na saitokaini zina mtego wao, ngozi yenyewe inazitengeneza. IL-1 alfa iko kwa ngozi tele bila ugonjwa wowote. Ukijikuna, ukiwa na ukurutu, ukibandika gundi mbaya, sensa inasoma vita vya hapo kwa ngozi na wewe unadhani ni mwili mzima.

MchelePishori
Lakini si vipimo hivi vya kuvaa vinasomaga vibaya ngozi nyeusi? Ile ya oksijeni ya kidole ilisemwa.

BenchiYaHomoni
Ndio, ya oksijeni inatumia mwanga, na 2020 kuna utafiti ulitoka Marekani ulioonyesha kwa wagonjwa weusi ilikuwa inakosa kuona oksijeni imeshuka karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu. Hizi za jasho za homoni na protini kemia yake ni ya umeme, rangi ya ngozi haiko njiani. Ila bado nataka zijaribiwe hapa, kwa joto letu, kwa mafuta tunayopaka na kwa wagonjwa wetu.

ReceptionGorofaTano
Kwetu kazini HR amekuja na stori ya kupeana bendi za "afya ya wafanyikazi", wapime nani ana stresi. Mimi sipendi kabisa.

BenchiYaHomoni
Hata mimi singevaa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya kwa kundi la data nyeti, na waulize kwa maandishi nani anaona, zinakaa wapi, na ukikataa inakuwaje. Meneja akijua kotisoli ya nani inapanda kila mkutano wake ukiitwa, hiyo si afya tena.

FundiWaya
Mimi niko mwaka wa nne umeme chuo, tunataka kufanya hii kama mradi, sensa ya kotisoli ya bei nafuu. Elektrodi tunaweza kuchapisha wenyewe, mzunguko wa kusoma umeme tumeshaunda. Tuanzie wapi, kingamwili gani?

BenchiYaHomoni
Msianze na kotisoli. Anzeni na sodiamu au kloraidi na asidi, na kipimo cha kasi ya jasho. Sababu yangu, hata mkifika kotisoli mtahitaji hizo tatu kurekebisha namba, kwa hivyo hakuna kazi itapotea. Pili chumvi iko kwa milimoli, kotisoli iko chini yake mara maelfu kwa maelfu, mkikosea kwa chumvi mtajua mara moja, kwa kotisoli mtakaa mkisoma kelele za waya mkidhani ni homoni. Kingamwili nayo inataka friji kuanzia ndege mpaka benchi, na stima za hosteli mnazijua.

Mkishapata chumvi inayotulia, nendeni kwa kamati ya maadili ya chuo kabla hamjabandika mtu yeyote kitu, hata nyinyi wenyewe. Alafu mniandikie inbox. Mtahitaji mtu wa kupima sampuli zilezile kwa mashine ya kweli ndio mlinganishe.

KiatuChepesi
Wakihitaji jasho waje Ngong Road saa kumi na moja na nusu asubuhi, watajaza ndoo.

FundiWaya
Tunakuja na mirija. Usikimbie sana basi, tumesikia kasi inaharibu chumvi 😂